Toba ya Mchoraji

Mwashi ajengaye nyumba ya matofali aweza kufika usawa wa madirisha, kisha akiteremsha timazi aona kwamba ukuta umeinama. Wapita njia wamekwisha kuusifu, na siku nyingi za kazi zimekwisha kupita. Sasa afanye nini? Aweza kupaka udongo na chokaa juu yake, na hakuna atakayejua mpaka mvua kubwa ije. Ama aweza kuubomoa mbele ya macho ya watu na kuanza tena chini. Swali hili si la waashi peke yao. Ni swali la kila mtu aliyekwenda nusu ya njia akatambua kwamba amepotea: je, kuanza upya ni aibu, ama ni hekima?

Habari ya mchoraji mmoja wa Italia yaweza kuliangaza swali hili. Jina lake ni Michelangelo Merisi, naye huitwa Caravaggio kwa jina la mji wa jamaa yake. Alizaliwa mwaka 1571. Katika mwezi wa Julai 1599 alipatana kuchora picha mbili kubwa kwa ajili ya kapela moja ya kanisa la Mtakatifu Ludoviko wa Wafaransa, mjini Roma. Picha moja ionyeshe jinsi Bwana wetu Yesu Kristo alivyomwita Mateo mtoza ushuru. Ya pili ionyeshe jinsi Mateo huyo alivyouawa kwa ajili ya imani. Kila picha yapita mita 3 kwenda juu, na mita 3 tena kwenda upande. Mpaka siku ile Caravaggio alizoea kuchora picha ndogo, zenye watu wachache, za kutundikwa katika nyumba za wakubwa.

Mapokeo ya zamani yasema kwamba Mateo alihubiri katika nchi ya Etiopia, Afrika, akauawa karibu na altare kwa amri ya mfalme, kwa sababu alimkataza kumwoa bikira aliyejitoa wakfu kwa Mungu. Kifo hicho ndicho Caravaggio alichojaribu kukionyesha. Alichora majengo makubwa nyuma, na mbele yake watu wengi wenye umbo dogo. Kazi ilikwenda mbele, lakini haikumridhisha. Wachunguzi wengi waona kwamba aliiacha kwa muda, akashika ile picha ya kuitwa kwa Mateo, kisha akairudia. Aliporudi hakutafuta kitambaa kipya. Alipaka rangi juu ya kazi yake mwenyewe, akachora yote tena mahali pale pale.

Katika picha ya pili majengo yamemezwa na giza, na watu wamekuwa wakubwa, karibu kama watu wazima walio hai. Katikati asimama mwuaji, upanga mkononi, amemshika mtakatifu kifundo cha mkono. Mateo amelala chini, karibu na ngazi za altare. Mtoto mtumishi akimbia huku akipiga kelele. Malaika ainama kutoka wingu na kumnyoshea mtakatifu tawi la mtende, alama ya ushindi. Na mbele kabisa, chini, wako watu walio karibu uchi. Wachunguzi wengi wasema kwamba hao ni wakatekumeni, ambao Mateo alikuwa tayari kuwabatiza saa ile ile wauaji walipoingia. Mwaka 1600 picha zote mbili zilikuwa tayari, nazo zatazamwa hata leo katika kapela ile.

Kwa muda wa miaka 350 hivi picha ya kwanza ilibaki imefichwa. Lakini katika miaka ya 1950 wataalamu waliipima picha hiyo kwa mashine ya eksirei, kama ile ya hospitali ionyeshayo mfupa uliovunjika ndani ya nyama. Wachoraji wa zamani walitumia rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, na risasi huzuia miali ya eksirei. Kwa hiyo watu wadogo na majengo makubwa ya kazi ya kwanza yalionekana tena chini ya wale wakubwa. Waitaliano wana neno kwa badiliko la namna hii lililofunikwa na rangi: huliita pentimento, neno litokalo katika kujuta.

Mtu aweza kupinga na kusema: "Lakini uvumilivu ni fadhila. Aanzaye na kuacha ni kigeugeu." Neno hilo ni la kweli, na yafaa kulipima vema. Kigeugeu ni yule abadiliye nia yake. Leo ataka kulima, kesho ataka kuvua samaki, na kesho kutwa hana shamba wala wavu. Caravaggio hakubadili nia. Kitambaa kilikuwa kile kile, na mtakatifu yule yule, na ahadi aliyoitoa ilikuwa ile ile. Alichokiacha ni kazi isiyoitimiza ahadi. Basi hii ndiyo alama ya kuwatambua wawili hao: kigeugeu huacha lengo ili apumzike na kazi, mwenye toba huacha kazi mbaya ili alifikie lengo. Wa kwanza hukimbia, wa pili hurudi.

Mwingine aweza kuuliza: "Je, miezi ile ya kwanza haikupotea bure?" Haikupotea. Mkono uliochora watu wadogo ulijifunza kwa nini wawe wakubwa. Hivyo na mkatekumeni aliyeambiwa na padri angoje mwaka mwingine, ama aliyetambua mwenyewe kwamba bado ana deni na jirani yake, asidhani kwamba ameyatupa mafundisho ya mwaka uliopita. Dhambi huondolewa kabisa kwa maji ya Ubatizo, wala haikai chini kama rangi iliyofunikwa. Lakini fundisho la kuanguka hubaki, nalo humfanya mtu awe mpole kwa wengine waangukao. Wazee husema: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Hata hivyo kuna neno moja zito katika habari hii. Nyuma ya mwuaji, kati ya watu wanaoukimbia upanga, kuna mtu mwenye ndevu ageuzaye uso kumtazama Mateo kwa huzuni. Wachunguzi huutambua uso huo kuwa wa Caravaggio mwenyewe. Alijichora kama mtu aonaye uovu na kwenda zake. Mwaka 1606, katika ugomvi mjini Roma, alimwua mtu, akakimbia. Miaka 4 alitangatanga, mpaka Malta na Sisilia. Akafa mwezi wa Julai 1610, akiwa njiani kurudi, akitumaini kusamehewa na Baba Mtakatifu. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Mtu aliyejua kuifuta kazi yake yote kwa sababu haikuwa ya kweli, hakujua kuifuta hasira yake kabla haijatoa damu. Basi isidhaniwe kwamba ustadi wa mkono hushuka wenyewe mpaka moyoni. Mtu aweza kuwa mwangalifu sana katika shamba lake, katika ukuta wake, katika daftari lake la hesabu, na kuuacha moyo wake uiname siku kwa siku bila kuteremsha timazi hata mara moja.

Mateo ndiye aliyeipata njia. Siku aliyoitwa alikuwa ameketi mahali pa kutoza ushuru, na kazi ile ilikuwa chakula chake. Aliinuka mbele ya watu waliomjua, hakungoja giza ili asionekane. Aibu ya saa ile ilikuwa ndogo, na faida yake haina mwisho.

Kwa hiyo yeye auonaye leo ukuta wake umeinama, asikimbilie chokaa. Aubomoe angali na nguvu, kabla ya mvua, akayaokote matofali yaliyo mazima, na kuanza tena juu ya msingi ule ule.