Mlinda Mlango wa Pili

Liko swali ambalo watu wengi hulipita kama jiwe la njiani, nalo ni hili: Mtu aliyewekwa kungoja nafasi ya mwenziwe, asiyepata kazi mpaka mwenziwe apatwe na jambo, je, aweza kungoja kwa moyo safi? Na kama aweza, kungoja kwake ni kazi yenye haki ya ujira na heshima, au ni kukaa bure tu? Nataka kulitazama swali hili kwa njia ya mchezo wa mpira, kwa sababu katika mpira laonekana wazi kuliko mahali pengine. Tena ni mchezo ambao watu wa Tabora, na wa njia yote ya zamani kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, waupenda wadogo kwa wakubwa.

Kila timu huingia uwanjani na watu kumi na mmoja, na sharti mmoja wao awe mlinda mlango. Wachezaji wengine huweza kubadilishwa kwa kuchoka tu, na sheria za siku hizi zaruhusu katika mashindano makubwa kubadilisha hata watu 5. Kwa hiyo kijana wa akiba anayecheza mbele ana tumaini kila juma. Lakini mlinda mlango hachoki kwa mbio. Akiwa mzima, wala asipokosa sana, hukaa mahali pake msimu mzima. Basi mwenziwe wa pili hufanya nini? Huamka alfajiri kama wa kwanza. Hukimbia, hujitupa chini, huumia vidole na magoti kama yeye. Siku ya mchezo huvaa glavu, na mara nyingi yeye ndiye ampigiaye mwenziwe mipira ya kupasha mwili moto. Filimbi ikilia, huenda kukaa kwenye benchi. Mwaka waweza kupita hivyo. Na ukiisha, wengine hufunga mizigo yao wakaenda mji mwingine, kukaa kwenye benchi lingine.

Wako wasemao kwamba mtu wa namna hii hula bure. Husema, “Alicheza mchezo gani? Alizuia mpira upi?” Maneno haya yana sura ya haki, maana hata Maandiko hutufundisha kwamba asiyefanya kazi asile. Lakini wasemao hivyo wamesahau kuuliza kazi yenyewe ni nini. Methali yetu husema akiba haiozi. Mtu hauhesabu mtama ulio ghalani kuwa mtama wa bure kwa sababu leo haukupikwa. Anaujua thamani yake siku mvua inapokosa kunyesha.

Jambo hili timu ya Tabora ililionyesha mbele ya nchi nzima. Mwezi wa Agosti 2023, timu ya Kitayosce, ambayo baadaye iliitwa Tabora United, ilicheza mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu kule Chamazi, Dar es Salaam, dhidi ya Azam. Kwa sababu ya mambo ya usajili, waliopata ruhusa ya kucheza walikuwa 8 tu. Hawakutimia kumi na mmoja, wala hapakuwa na hata mmoja wa akiba. Kipindi cha kwanza hakikuisha. Azam walikuwa wamekwisha kufunga mabao 4, na wachezaji wawili wa Kitayosce waliposhindwa kuendelea, wakabaki 6. Na sheria ya mpira haikubali timu iendelee ikiwa na watu chini ya 7. Mwamuzi akaumaliza mchezo. Msimu ule timu ile haikushuka daraja, nayo yastahili sifa kwa hilo. Lakini siku ile kila aliyekuwa na macho aliona maana ya benchi tupu. Watu 8 wale hawakukosa ushujaa. Walikosa wenzao wa kungoja.

Wazee wetu waliyajua haya kabla mpira haujafika bara. Safari ya msafara kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ilichukua kama miezi mitatu, na mpagazi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kama ratili 70. Mbele alikwenda kirangozi, akaonwa na kila kijiji. Nyuma kabisa walikwenda watu ambao hakuna aliyewapigia vigelegele. Kazi yao ilikuwa kuwaangalia waliochoka na kuilinda mizigo isipotee porini. Msafara ulipoingia mjini kwa bunduki na nyimbo, watu walimtazama kirangozi. Lakini mwenye mali alipohesabu marobota ya nguo, akayakuta yametimia, alijua ya kuwa hakuyapata kwa ngoma ya mbele peke yake.

Tena katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli iko hukumu ya Daudi ambayo kila mkuu wa timu yafaa aisome. Waamaleki waliuteketeza mji wa Siklagi, wakachukua wake na watoto. Daudi akawafuata na watu 600. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka mno, wakabaki hapo na vyombo. 400 wakaenda vitani wakashinda. Waliporudi, baadhi ya wale 400 walikataa kuwagawia wale 200 sehemu ya nyara. Daudi hakukubali. Akaamuru aliyekwenda vitani na aliyebaki na vyombo wagawiwe sawasawa, na amri ile ikawa sheria katika Israeli. Kama waliochoka walipata sehemu, sembuse yule ambaye hakuchoka, aliyejiweka tayari kila siku, ila hakuitwa?

Basi habari ya ujira naiona nyepesi. Iliyo nzito ni habari ya moyo. Mlinda mlango wa pili anajua ya kwamba hatacheza ila mwenziwe aumie, au augue, au akosee. Siku yake ya furaha ni siku ya mwenziwe ya huzuni. Mpira uendao juu ya mlango wa timu yake humwijia na maswali mawili: “Je, tutafungwa?” na lile la chini kwa chini, “Je, nitaitwa?” Ni nani awezaye kukaa miaka kumi kati ya maswali haya mawili, asiharibike?

Wengine huharibika kwa wivu. Humwombea mwenziwe mabaya, na akianguka hufurahi kimoyomoyo, wakidhani ya kuwa Mungu amejibu. Wengine huharibika kwa usingizi: hujiambia, “Sitaitwa kamwe,” wakaacha kukimbia, na siku wanapoitwa huwa hawana miguu. Wa kwanza amemchukia mwenziwe. Wa pili ameichukia kazi.

Nadhani yako mambo mawili ambayo hufanana lakini si ndugu: kutamani kazi, na kutamani msiba wa mwenye kazi. Anayetamani kazi asema, “Nikiitwa, nikutwe tayari.” Anayetamani msiba asema, “Laiti angeanguka, nikaitwa.” Kwa maneno ya kinywa huwezi kuwatenga watu hawa wawili, maana wote hunyamaza. Lakini watazame asubuhi, uwanja ukiwa hauna watazamaji, wakati wa kumpigia mwenziwe mipira ya mazoezi. Mwenye wivu hupiga mipira legelege, ili mwenziwe asinolewe. Mwenye moyo safi hupiga kwa nguvu na kwa akili, pembeni na chini, ingawa ajua ya kuwa kila mpira mgumu amfundishao mwenziwe wazidi kumweka yeye mwenyewe benchini. Hapa ndipo naiona heshima ya kazi hii. Kazi yake ya kila siku ni kumfanya bora zaidi mtu yule yule aliyeikalia nafasi yake. Sijui kazi nyingi zinazomtaka mtu kiasi hicho.

Lakini mtu asidhani ya kuwa nasifu kukaa tu. Kuna kungoja kwa uvivu kunakojiita subira. Mfano mzuri ni Juma Kaseja. Akiwa kijana bado, mwaka 2003, alikuwa mlangoni pa Simba walipowatoa kwa mikwaju ya penalti, huko huko Cairo, Zamalek wa Misri waliokuwa mabingwa wa Afrika. Alizichezea Simba na Yanga, na baada ya timu hizo kubwa alikwenda Mbeya City, kisha Kagera Sugar, kisha KMC ya Kinondoni. Wakati huo mlango wa timu ya Taifa ulikuwa wa wengine. Aishi Manula ndiye aliyeulinda katika mashindano ya Afrika kule Misri mwaka 2019. Kaseja alikuwa na miaka 34, umri ambao wengi humwambia mtu apumzike. Mwaka ule ule akaitwa tena. Mwezi wa Agosti, kule Nairobi, Tanzania ikawatoa Kenya kwa penalti 4 kwa 1. Mwezi wa Septemba, Dar es Salaam, ikawatoa Burundi kwa penalti 3 kwa 0. Hapana Mrundi hata mmoja aliyefunga penalti siku ile. Mlangoni mara zote mbili alikuwa Kaseja. Miaka ile ya kati hakuitumia kuuchungulia mlango uliofungwa. Aliitumia kucheza mahali palipokuwa na mlango wazi, ujapokuwa mdogo. Huku kuhama kwa timu na timu watu hukuita kushuka. Mimi nakuita kutunza silaha isipate kutu.

Tena hata akiitwa, jaribu haliishi. Tarehe 5 Julai 2014, katika Kombe la Dunia kule Brazil, Uholanzi na Costa Rica walikwenda sare mpaka mwisho wa muda wa nyongeza. Dakika ya mwisho kocha Louis van Gaal alimtoa mlinda mlango wake Jasper Cillessen, ambaye hakuwa ameambiwa mapema, akamwingiza Tim Krul. Krul akazuia mikwaju miwili, na Uholanzi wakashinda 4 kwa 3. Dunia nzima ikalijua jina lake. Siku nne baadaye, katika mchezo wa Argentina, nafasi za kubadilisha zilikuwa zimekwisha. Cillessen akasimama kwenye penalti, na Waargentina wakafunga zote 4. Krul alikuwa benchini akitazama. Yatuonyesha ya kuwa mtu wa pili sharti ajifunze kuingia bila majivuno na kurudi bila uchungu. Na mtu wa kwanza naye sharti ajifunze kutoka. Maana mwenye nafasi pia ana deni. Akimdharau anayemngojea, amedharau mkono uliomnoa.

Na viongozi je? Wao wana deni kubwa kuliko wote wawili, nalo ni kusema kweli. Si haki kumweka mtu akingoja kwa ahadi ambayo aliyeitoa hakukusudia kuitimiza. Mwambieni, “Wewe ni wa pili, na sababu ni hii.” Akitaka kubaki, abaki akijua, akitaka kwenda kutafuta mlango mwingine, aende kwa amani, wala asiitwe msaliti. Na malipo yagawiwe kama Daudi alivyogawa.

Yule mtu wa pili anayenivuta mawazo zaidi hakucheza mpira. Ni Yusufu aliyeitwa Barsaba, katika Matendo ya Mitume. Yuda alipopotea, mitume walitaka mtu wa kujaza nafasi, na sharti waliloweka lilikuwa hili: awe amefuatana nao wakati wote tangu ubatizo wa Yohana mpaka siku ya Bwana kupaa. Wakaweka wawili mbele, Barsaba na Mathiya. Kura ikamwangukia Mathiya. Tazama sasa: kumbe watu hawa wawili walikuwa wamefuata miaka yote ile pasipo cheo, pasipo kujua kama nafasi itatokea, wala hawakuifanya itokee. Kura ilimpa Mathiya cheo, lakini haikumpokonya Barsaba ile miaka ya kufuata. Wala hatusomi neno lolote la manung’uniko yake.

Katika kila shule, kila kwaya na kila ofisi wako watu wa namna hii: mwalimu msaidizi aliyetayarisha somo ambalo huenda asilifundishe, mwimbaji aliyejifunza sauti ya mwenziwe ili wimbo usikatike akiugua, karani wa pili ajuaye daftari zote. Ndugu msomaji, kama wewe ni mmoja wao, usijiulize usiku, “Lini nitaitwa?” kwa maana jibu la swali hilo halimo mikononi mwako. Jiulize, “Leo asubuhi nilimpigia mwenzangu mipira ya namna gani?” Na kama wewe ndiwe uliye mlangoni, mchezo ukiisha, watu wakikubeba juu kwa shangwe, geuza uso uitazame benchi. Yuko mtu pale mwenye glavu ambazo hazikupata vumbi leo. Mwite, mshukuru kwa jina lake, na mgao ukija, angalia sehemu yake isisahauliwe.