Safari za elimu melini: Nani anabisha hodi?

Leo naomba tuyaweke kando ya siasa tuzungumzie jambo la adabu, nalo linaanzia baharini. Swali langu ni hili: Je, ni sawa mtu kuchukua elimu ya watu bila ya kuwa mgeni wao? Sisemi kuiba vitabu wala kufukua makaburi. Nasema kuja, kuangalia, kuandika, kupiga picha, kisha kuondoka, na mwenyeji asijue hata jina lako.

Mwezi Machi mwaka 2019 nilikwenda Kilwa Masoko kwenye msiba. Baada ya hitma nikabakiwa na siku moja, nikaamua kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Nakiri kwa aibu kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza. Mimi ni mtu mzima niliyepita miaka hamsini, nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, ambako hadi Kilwa ni takriban kilomita 300. Kivuko cha Rufiji nacho hakipo tena cha kusingizia, maana Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Dubai nimefika mara mbili. Kilwa sikuwahi.

Mashua yetu ilipokaribia kisiwa tukaona meli nyeupe imetia nanga. Haikuwa kama yale majumba ya baharini yanayobeba watu maelfu kwa maelfu. Ilikuwa meli ndogo, ya abiria wapatao mia moja, nao walikuwa wakishushwa kwa boti nyeusi za mpira, kumi kumi. Wengi walikuwa wastaafu wenye mvi. Walikuwa na darubini, madaftari, na mhadhiri wa historia waliyekuja naye humo humo melini. Nahodha wetu akacheka, kicheko kisicho na furaha: "Hawa wana kila kitu, hata maji ya kunywa wanashuka nayo. Sisi hatuwavushi wala hatuwauzii."

Biashara hii si ya jana. Mwaka 1966 Lars-Eric Lindblad, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi ya utalii Marekani, aliwapeleka watalii Antaktika, lile bara la barafu. Mwaka uliofuata akawapeleka Galápagos, visiwa vya nchi ya Ecuador. Mwaka 1969 ikaanza kazi meli yake, Lindblad Explorer, iliyoundwa mahususi kwa safari za namna hiyo. Fikra yake ilikuwa kwamba msafiri asafiri pamoja na wataalamu, apate darsa, kisha ashuke akaone kwa macho yake kile alichofundishwa. Wengi wamemuiga, na pwani yetu nayo imeingia katika ratiba zao.

Haki isemwe: fikra hii ni nzuri, na sisi Waislamu ndio tuliostahili kuwa wa mwanzo kuipokea. Qur'ani haituamrishi kutembea katika ardhi kwa ajili ya kupunga upepo. Katika Surat Hajj, aya ya 46, kutembea kumefungamanishwa na nyoyo za kuzingatia na masikio ya kusikia, na tunaonywa kwamba upofu hasa ni ule wa nyoyo. Mtu anayelipa fedha nyingi ili asomeshwe kabla ya kuangalia ameifahamu nusu ya amri hiyo kuliko yule anayekwenda ufukweni kupiga muziki na kutupa chupa. Na wanaotupa chupa, tuseme kweli, mara nyingi ni sisi.

Nilijibanza nyuma ya kundi lao ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba zilizobaki. Mhadhiri aliwaeleza kuwa mwaka 1331 alifika hapa Ibn Battuta wa Tangier, akaukuta mji uzuri wake ni wa kusifiwa, na mtawala wake ni Sultani Hassan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Akawapa kisa cha fakiri kutoka Yemen aliyemsimamisha Sultani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mimi kifua kikajaa kwa fahari. Kisha mhadhiri akamalizia kisa kama kilivyo, kwamba fakiri yule aliongezewa zawadi, na katika zawadi hizo walikuwamo watumwa na pembe za ndovu. Nikainamisha kichwa. Lakini hakutusingizia. Ibn Battuta mwenyewe ndiye aliyeandika.

Aliendelea na Husuni Kubwa na birika lake lenye pembe nane, na Wareno wa Francisco de Almeida walioupora mji mwaka 1505. Akawaambia pia kwamba magofu haya yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014. Bibi mmoja wa Kizungu aliponiona na kofia yangu akaniuliza kwa upole kama watoto wetu wanafundishwa haya madrasa. Nikajibu ndiyo. Mwenyezi Mungu anisamehe, maana madrasa nimesoma miaka saba, na Sultani huyo nilimsikia siku ile kwa mara ya kwanza, kinywani mwa mgeni.

Mpaka hapo, ningekuwa naandika makala ya kuwasifu. Lakini njia ya kurudi ufukweni inapita kijijini, kwa sababu Kilwa Kisiwani si magofu peke yake, kuna watu wanaishi. Adhuhuri ilikuwa imekaribia. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake anatawadha. Kamera zikamgeukia, tatu au nne. Mmoja alipiga goti ili apate sura vizuri. Kwa muda wote ule hakuna aliyemwambia mzee yule hata "habari za mchana". Mhadhiri, aliyejua habari za fakiri wa mwaka 1331, alipita akitazama saa yake.

Niliporudi Dar es Salaam nikafanya jambo ambalo pengine ningelifanya kabla: nikasoma kanuni za safari hizi. Kule Galápagos mgeni haruhusiwi kutembea katika hifadhi bila kiongozi mwenye leseni, kundi halizidi watu 16, na ni lazima ukae mita mbili kutoka kwa mnyama. Kule Antaktika hawashuki zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Ni kanuni njema, nazo zimewanusuru viumbe wengi. Ila nilijiuliza: Ndege wa Galápagos amepewa mita mbili zake. Mzee wa Kisiwani anayetawadha amepewa ngapi?

Huenda msomaji akasema kuwa wageni wale walikuwa na kibali. Ni kweli, na ada ya magofu hulipwa. Lakini kibali cha magofu si kibali cha ua wa mtu. Surat Nur, aya ya 27 na 28, inatufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Wazee wetu wa pwani waliifupisha amri hiyo kwa neno moja ambalo mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu: hodi. Hodi haibishwi kwa mlango wa mbao tu. Uso wa mtu una mlango wake, na wudhuu wake vilevile.

Hoja nyingine ni nzito zaidi. Ibn Battuta naye alikuwa mpita njia, na aliwaandika watu bila ya kuwaonyesha daftari lake. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Sasa tofauti yake na watu wa meli nyeupe ni ipi? Nimelifikiria hili muda mrefu, na naona si urefu wa muda. Kwa usiku ule mmoja alijua jinsi watu wa Mombasa walivyoosha miguu mlangoni mwa misikiti yao, na walivyokwenda pekupeku. Alikuwa akisafiri kwa kusubiri upepo, akihitaji maji ya wenyeji, chakula chao na paa lao. Anayehitaji husalimia. Meli ya leo imemwondolea msafiri kila haja aliyokuwa nayo kwa mwenyeji: kitanda kimo ndani yake, chakula kimo, na hata mwalimu wa kumweleza habari za mwenyeji yumo. Hakuna kilichobaki cha kumfanya abishe hodi ila adabu yake mwenyewe. Waandaaji wa safari wangetaka, wangeweza kuirudisha haja hiyo kwa makusudi: wavushwe na mashua za Masoko, wale chakula kilichopikwa kisiwani, na mzee wa mji apewe nafasi ya kusema pale mhadhiri anaposema. Haya si mambo ya gharama kwa mwenye meli.

Nirudi kwa yule mzee. Kundi lilipokwisha kupita nilimwendea, nikampa shikamoo, nikaanza kuwalaani wale wageni kwa ukali. Alinisikiliza huku akijifuta uso. Kisha akaniuliza:

"Na wewe hicho ulichoshika mkononi ni nini?"

Ilikuwa simu yangu. Akaniomba nimwonyeshe. Ndani yake mlikuwamo mlango wa nyumba yake, nyavu zake, na mjukuu wake wa kike akichota maji, picha nilizopiga asubuhi nilipokuwa naelekea msikitini. Sikuwa nimebisha hodi, wala sikuwa nimesalimia.

"Wale hawakufunzwa," akasema. "Wewe je, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nikazifuta mbele yake, moja baada ya nyingine. Tukaenda kuswali adhuhuri. Tulipotoka akanishika mkono, akaniambia chakula kipo, twende tukale. Ilikuwa wali na changu wa kuchoma. Tukiwa kwenye sinia ndipo aliponiuliza kilichonileta Kilwa. Nikamtajia jina la marehemu. Mzee akaacha kula. Kumbe walikuwa wamevua pamoja utotoni, na habari za kifo chake zilikuwa bado hazijavuka maji.