Mwana Hutazama Kisogo cha Nina

Methali hii imetoka mgongoni. Mtoto aliyebebwa kwa kanga haoni uso wa nina, yaani mama yake. Anachokiona ni kisogo, na pembeni yake mikono inayotwanga, inayopepeta, inayochochea moto. Hafundishwi kitu. Mama ana shughuli zake, na pengine amesahau kwamba nyuma yake kuna macho. Kwa hiyo inayozungumziwa hapa si elimu ya kukusudia, kama kuusia au kukaripia, bali ile anayoitoa mzazi bila habari, kwa mwenendo wake wa kila siku.

Isichanganywe na jirani zake. “Mtoto wa nyoka ni nyoka” huweka kila kitu katika damu. “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo” humkabidhi mlezi kazi yote. Katika zote mbili mtoto hana lake: amezaliwa hivyo, au amefinyangwa hivyo. Katika methali ya kisogo, mtoto ndiye mtenda. Yeye ndiye anayetazama, na mwenye kutazama huchagua pa kukazia macho. Wanaoitumia kama kisawe cha ile ya nyoka wanaipunja.

Tofauti hiyo huonekana vizuri katika familia za wanamuziki. Elvin Jones, mmoja wa wapiga dramu wakubwa kabisa wa jazi, alizaliwa mwaka 1927 huko Pontiac, Michigan, nchini Marekani, akiwa kitindamimba wa watoto 10. Baba yake alikuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti na mfanyakazi wa General Motors. Kaka yake Hank akawa mpiga piano, Thad akawa mpiga tarumbeta. Wote wawili walikuja kuwa na majina makubwa. Elvin hakuchukua ala ya yeyote kati yao. Macho yake yalinaswa na wapiga ngoma wa bendi za sarakasi zilizokuwa zikipita mbele ya nyumba yao. Alichokipata kwa kaka zake yaelekea kilikuwa kitu kisichoshikika kwa mkono: kuuona muziki kuwa kazi ya mtu mzima, tena kazi ya kujinyima. Mwaka 1958 watatu hao walirekodi albamu kama ndugu wa akina Jones. Katika kikundi cha mpiga saksafoni John Coltrane, kuanzia 1960 hadi 1966, Elvin aliligawa pigo moja mara tatu na kuyatawanya mapigo hayo kati ya mikono na miguu: toazi likisema hili, ngoma ndogo ikijibu lile, mguu ukiingia kati. Hata hivyo wimbo haukumezwa. Aliusikiliza kama mtu aliyelelewa kati ya wapigaji wa piano na tarumbeta.

Kwa Tony Williams, mpiga dramu mwingine wa jazi, methali inakaribia kuwa kweli neno kwa neno. Baba yake, Tillmon, alikuwa mpiga saksafoni, na alimpeleka mwanawe kwenye vilabu vya Boston angali mtoto. Mtoto aliye karibu na bendi huona yasiyoonwa na waliolipa kiingilio: kiwiko kisichopanda juu, kijiti kinachoachiwa kidunde chenyewe badala ya kulazimishwa, jicho linalomtafuta mpiga besi kabla wimbo haujageuka. Mwaka 1963, akiwa na miaka 17, Williams alikuwa tayari katika bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis.

Kisogo chenyewe chaweza hata kukosekana. Mpiga dramu Terri Lyne Carrington, aliyezaliwa mwaka 1965, alianza na saksafoni kama baba yake. Meno ya utotoni yalipong’oka, ikamshinda kuipuliza, na akiwa na miaka 7 akapewa dramu za babu yake, Matt Carrington, aliyewahi kupiga na mpiga piano Fats Waller na kufariki kabla mjukuu hajazaliwa. Hapo cha kutazamwa kilikuwa ala iliyobaki, na habari za babu huyo nyumbani.

Methali ina upande mchungu pia, na yaweza kutumika upande huo, kwa kuonya. Kisogo hakifichi kitu. Mwana wa mwanamuziki huona mazoezi, na huona vilevile baba anayerudi alfajiri mfuko mtupu, deni la kodi ya nyumba, na chupa. Mzazi hana uwezo wa kuamua lipi litazamwe na lipi lipitwe.

Wala methali haidai kwamba kutazama kunatosha. Anayetazamwa kwa nyuma hamwoni anayemwiga, hivyo hawezi kumsahihisha mkono. Kazi hiyo humhitaji mtu wa kuketi uso kwa uso na mwanafunzi. Williams alipelekwa kwa Alan Dawson, mwalimu mashuhuri wa dramu mjini Boston, akiwa na miaka 11 hivi. Na Carrington, pamoja na urithi wote ule, alipita kwa mwalimu huyohuyo.