Kusoma na Kujua

Katika Kiswahili, kitenzi kimoja, kusoma, hubeba kazi mbili: kupitisha macho juu ya maandishi na kutafuta elimu. Neno chuo nalo lilikuwa na maana ya kitabu katika Kiswahili cha zamani, hivyo mwanachuoni, yaani mtu aliyebobea katika elimu ya dini, huitwa kwa jina la kile alichokisoma. Lugha yenyewe basi yaelekea kudai kuwa asomaye sana ndiye ajuaye. Lakini desturi ya usomaji katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Tiwi hadi Msambweni, hulitilia dai hilo sharti.

Wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa pwani hiyo, huanza fikihi, yaani elimu ya hukumu za ibada na maisha, kwa kitabu kidogo cha Safinatun Najaa, kisha hupanda hadi vitabu vikubwa kama Minhaji ya Imamu Nawawi. Kufungua kitabu na kukifunga hakuhesabiwi kukisoma: mwanafunzi hukisoma mbele ya shehe, kifungu kwa kifungu, huku akisahihishwa, na akikikhitimu, yaani akikimaliza, huweza kupewa ijaza, ambayo ni idhini ya kukifundisha. Sababu yake yaonekana katika herufi tatu tu za Kiarabu. Ain, lamu na mimu zikiandikwa bila irabu, yaani alama za kuonyesha sauti, zaweza kusomwa ilmu, ambayo ni elimu, au alamu, ambayo ni bendera. Na asiye na wa kumsahihisha aweza kupeperusha bendera akidhani ameshika elimu.

Hata hivyo, mwalimu peke yake hatoshi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937, alisomeshwa na mashehe wa Mombasa na Zanzibar, kisha akayafuatilia maandishi ya wanamageuzi wa Misri, likiwemo jarida la Al-Manar. Upana huo wa kusoma ungalibaki mali yake lau asingalianzisha magazeti ya As-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, ambamo aliyaleta mambo hayo kwa Kiswahili mbele ya watu wasiojua Kiarabu. Hapo ndipo methali isemayo kuwa elimu bila amali, yaani vitendo, ni kama nta bila asali inapopata maana yake kamili, kwa kuwa nta huonyesha tu kwamba nyuki walifanya kazi.

Leo kijana wa Tiwi aweza kubeba maelfu ya vitabu ndani ya simu, na hiyo ni neema. Ila wingi huo haujaondoa lile sharti la zamani. Basi amwonaye msomi na amuulize mambo mawili: nani amewahi kumwambia kuwa amekosea, na nani amenufaika kwa alichokisoma. Akikosa la kujibu, huyo bado ni mwenye vitabu.