Usichague Samaki, Chagua Maji

Kila anayeuliza jinsi ya kununua diskasi hupewa jibu moja: chukua mwenye afya. Ni ushauri mzuri, hata mimi huutoa. Kazi ya kuandika hailipi kodi yote, kwa hivyo Jumamosi huwa naosha matanki ya samaki kwenye nyumba za watu hapa Nairobi, na mara nyingine mteja huniomba nimsindikize dukani. Lakini ndani ya ushauri huo kuna swali ambalo hatupendi kuliuliza. Ukishamchagua mzima, yule mwingine umemfanya nini?

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Diskasi ni bapa na mviringo kama sahani, na asili yake ni mto Amazon na vijito vyake huko Amerika Kusini. Johann Jakob Heckel wa Austria ndiye aliyeliandika jina lake la kisayansi, Symphysodon, mwaka 1840. Leo wengi wanaouzwa hawajawahi kuona mto. Wamezaliwa tankini, na rangi zao nyingine hazipo mtoni kabisa, ni kazi ya wafugaji.

Mzima hujulikana. Mwili umejaa, paji la uso halijabonyea, mapezi yamekunjuka, anapumua taratibu, na ukisogelea kioo anakuja kuona kama umeleta chakula. Mgonjwa huwa amegeuka mweusi, amejibanza pembeni, mapezi ameyabana, kinyesi chake ni cheupe kama uzi. Halafu kuna aliyedumaa. Huyu unamtambua kwa jicho: ni kubwa mno kwa mwili wake. Jicho liliendelea kukua, mwili ukabaki nyuma.

Siku moja nilikuwa dukani na mteja na binti yake wa miaka minane. Tulishahesabu watano wazuri. Mtoto akaweka kidole kwenye kioo, pale kwenye kona, akauliza, “Anko, na huyu?” Alikuwa mweusi, anahema kwa nguvu. Mama yake akasema huyo ni mgonjwa. Mtoto akajibu, “Si ndiyo maana tumchukue?”

Hapo ndipo ushauri wetu mzuri unapoanza kuyumba. Anayefuata huruma atamlipia yule mgonjwa. Lakini muuzaji haoni huruma, anaona mauzo. Nafasi ile itajazwa na mwingine wiki ijayo, kwenye maji yale yale, naye atadhoofika vile vile. Juu ya hayo, ugonjwa utaingia nyumbani kwako na kuwakuta watano ambao hawakuwa na shida. Anayefuata akili atawachukua wazima na kuondoka. Yeye pia amemlipa muuzaji yule yule kwa maji yale yale, tofauti ni kwamba amepata bidhaa nzuri.

Kinachonisumbua ni kwamba alama tunazozitafuta si tabia ya samaki. Ni historia ya maji aliyokulia. Diskasi huanza maisha vizuri: wazazi wote wawili hutoa ute kwenye ngozi yao, na watoto hukaa wakiula siku zao za mwanzo. Kisha wanatenganishwa. Mmoja anapata maji safi na chakula mara kadhaa kwa siku. Ndugu yake anasongamana na wenzake kwenye maji machafu. Baada ya miezi tunasimama mbele ya kioo na kusema huyu ni mzuri, yule ni mbaya, kana kwamba walichagua.

Naijua hukumu hiyo kutoka upande wa pili wa kioo. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nimekaa mbele ya waajiri wakasoma karatasi yangu hadi penye pengo, macho yao yakatulia hapo kama yangu yanavyotulia kwenye jicho la aliyedumaa. Hakuna aliyeuliza karo ya miaka miwili ya kwanza ilitoka wapi. Sisemi walilazimika kuniajiri. Nasema pengo lile lilikuwa habari ya maji, wao wakalisoma kama habari ya samaki. Mfano huu una mpaka wake, najua. Mimi naweza kuhama tanki. Samaki hawezi, na aliyedumaa sana harudi kuwa mkubwa hata umpe nini.

Basi tufanye nini? Wafugaji wazoefu wana kanuni ambayo kwao ni ya kujikinga tu: ukiona mgonjwa mmoja, usinunue hata mmoja kutoka tanki hilo. Nadhani kanuni hiyo ina haki ndani yake kuliko wanavyodhani. Inakataza kuchuma mazuri kutoka mahali pabaya. Siku ile tulimwambia mwenye duka kwa nini tunaondoka mikono mitupu, na kwamba atakapobadilisha maji na kupunguza msongamano tutarudi. Yule wa kwenye kona hatukumwokoa. Sitajifanya kwamba tulimwokoa. Mtoto alinuna hadi nyumbani, na sikuwa na la kumwambia.

Ila kuna jambo moja mama yake alilielewa haraka. Ukinunua diskasi, kuanzia siku hiyo maji ni wewe. Anataka nyuzi 28 hadi 30, na Nairobi ya Julai haimpi joto hilo bila hita. Stima ikipotea usiku, unaamka kulifunika tanki kwa blanketi. Anataka wenzake, watano au sita, kwa sababu akiwa peke yake huwa na woga. Mgeni akae tanki lake wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na wengine. Na tanki la lita 300, ukibadilisha theluthi moja kila wiki, ni mitungi mitano ya lita 20, iliyotolewa klorini. Fanya hivyo kwa miaka kumi, maana akitunzwa anaweza kuishi hata zaidi ya hapo.

Huruma ya dukani huchukua dakika moja na inapendeza mbele ya watu. Hii nyingine haina wa kuipigia makofi. Ni Jumanne usiku, umechoka, na ndoo inakungoja. Kwangu hakuna diskasi. Naishi bedsita, maji huja siku mbili kwa wiki, na sijui mwaka ujao nitakuwa mtaa gani. Sijioni mkatili kwa kutomfuga.

Siku hizi mtu akiniomba nimsaidie kuchagua, siulizi anataka rangi gani. Namuuliza wiki ambayo mfereji utakauka, ile mitungi mitano ataitoa wapi.