Je, Akimbiliaye Fununu Hana Kosa?



Mtumbwi mkubwa waweza kununuliwa na watu kumi, kila mmoja akitoa fedha yake. Sehemu ya kila mmoja ndiyo iitwayo hisa. Makampuni ya Marekani nayo yana wenye hisa wengi, nao huuziana sokoni kila siku. Basi ikivuma ya kuwa tajiri ataka mtumbwi wote, bei ya kila sehemu hupanda mara, maana atakaye vyote hana budi kuongeza fedha ili wenyewe wakubali. Hivyo kampuni ndogo, ambayo kubwa zaweza kuimeza, hutikiswa na neno moja tu.

Tazameni mambo ya Fitbit, kampuni ya San Francisco iliyotengeneza vyombo vidogo vya kuvaa mkononi, vihesabuvyo hatua za mtu. Tarehe 10 Novemba 2016 tangazo lilionekana katika maandiko ya Tume ya serikali isimamiayo masoko ya hisa, kwamba mnunuzi yu tayari kutoa dola 12.50 kwa kila hisa, kupita bei ya soko. Bei ikaruka. Kumbe, tangazo lilikuwa la uongo! Mwezi wa Mei 2017 Tume ilimshtaki mhandisi mmoja wa Virginia, ikisema kwamba ndiye aliyelipeleka, na ya kuwa siku iliyotangulia alinunua haki za kupata hisa hizo, akaziuza bei ilipopanda, kwa faida ya dola 3,100 hivi.

Ulizo: Faida ya namna hiyo yatoka wapi?
Jibu: Yatoka mfukoni mwa mtu anunuaye kwa bei ya uongo. Mdanganyifu hamwoni uso. Lakini wizi hauachi kuwa wizi kwa sababu mwenye mali yu mbali.

Ulizo: Nao walioharakisha kununua, je, wana kosa?
Jibu: Tusiwapime kwa mizani moja na mwongo. Aliyedanganywa ameonewa, na tangazo lilikaa mahali pa kuaminiwa. Lakini atakaye kumtangulia jirani hana nafasi ya kuuliza. Na yule aanzaye kushuku habari, kisha akamwuzia mwenziwe upesi ili hasara imwangukie yeye, huyo ameushika uongo kwa mikono yake mwenyewe.

Wengine husema: «Mara nyingine fununu hutimia.» Ni kweli. Mwishoni mwa Oktoba 2019 ilivuma kwamba Google yataka kuinunua Fitbit, bei ikapanda. Na tarehe 1 Novemba mapatano yakatangazwa, dola 7.35 kwa hisa, jumla dola bilioni 2.1. Yalitimizwa Januari 2021. Basi angalieni: uongo uliahidi 12.50, kweli ikaleta 7.35. Zote mbili zilifika zimevaa nguo moja. Aliyeirukia ya kweli pasipo kuuliza hakuwa na hekima kupita mwenziwe, alibahatisha tu.

Nasi tusionunua hisa twasikia kila siku ya kuwa chumvi itaadimika, ama mihogo itapanda bei. Kabla ya kukimbia, na hasa kabla ya kumpasha mwingine, yatupasa kuuliza mambo matatu: Nani amesema? Amejuaje? Naye anapata nini tukimsadiki? Asiyeuliza aweza kupoteza mali yake. Apitishaye asilolijua aweza kupoteza mali ya jirani.