Waamuzi wa Mambo Madogo



Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, twasoma jinsi Yethro alivyomkuta mkwewe Musa ameketi kuamua watu kutwa nzima, na watu wamejaa mbele yake wakingoja zamu. Yethro hakumsifu. Alimwonya kwamba atajichosha bure na kuwachosha watu, akamshauri achague wenye kumcha Mungu wasiopenda rushwa, waamue mambo madogo, na yale mazito tu yaletwe kwake. Mzee huyu hakuwa Mwisraeli, alikuwa kuhani wa Midiani, na Musa alimsikiliza.

Sisi wa Masasi na Newala tunao waamuzi hao. Ni mahakimu wa Mahakama za Mwanzo, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1963 mahali pa mahakama za wenyeji za wakati wa Mwingereza. Kazi yao ya kila siku haiandikwi gazetini. Kuku ameibwa. Mbuzi wameingia shamba la mihogo. Wawili wamepigana msimu wa uraka, na kila mmoja asema mwenzake ndiye aliyeanza. Mtu alipokea fedha za kangomba njaa ilipombana, mikorosho ingali katika maua, na sasa mwenye fedha anadai magunia yake. Hakimu husikiliza yote kwa Kiswahili, huyaandika, kisha huamua. Sheria ya mwaka 1984 iliagiza aketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na wakitofautiana waamue kwa wingi wa kura. Kwa hiyo mzee anayesinzia barazani amesinzia na haki ya mtu.

Lakini kesi iliyo nzito kwetu ni mirathi. Wamakonde, Wamakua na Wayao tangu kale wamehesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa. Baba na mkewe wamepanda mikorosho, wamepalilia pamoja miaka thelathini. Baba akifa wapwa wanakuja na haki yao ya ukoo, watoto wana yao, na mjane ameketi kwenye benchi la nje akingoja kuitwa. Hakimu pengine ametoka mkoa wa mbali, ambako mali hufuata baba. Hana budi kuwauliza wazee juu ya mila. Nao wazee, tuseme kweli, wengi ni wajomba.

Bwana wetu alisimulia habari za mjane na kadhi dhalimu, Luka sura ya 18. Tumezoea kuihubiri kwa ajili ya kudumu katika sala, na ndivyo Mwinjili mwenyewe anavyoieleza. Ila tumwangalie tena yule mjane. Kila mara alikwenda peke yake. Jirani zake walikuwa wapi? Walioona shamba likilimwa, waliojua ni nani aliyepanda, walikaa nyumbani.

Hata hapa kwetu ndivyo. Mjane akiomba shahidi tunamjibu, “Sipendi kuingia kesi za watu.” Siku ya kesi ikifika tuko shambani, au tuna msiba, au mguu unauma. Hakimu hawezi kuandika ushahidi ambao hakuusikia. Mjane akishindwa, jioni tunasema hakimu amekula rushwa. Huenda ni kweli, rushwa ipo na ni dhambi, wala hatumtetei mla rushwa. Lakini mara nyingine hakimu hakupewa fedha, wala hakupewa ukweli.

Aliyeshindwa aambiwe upesi kwamba anazo siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Wengi huzimaliza wakilia nyumbani.

Tena wako miongoni mwetu waliochaguliwa katika mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, shauri la talaka kwa kawaida halipokelewi mahakamani pasipo hati ya baraza kwamba limeshindwa kuwapatanisha wale wawili. Ndugu zetu hao wajitahidi kupatanisha kwa moyo wote. Wakishindwa, waiandike hati mapema na kutia sahihi. Mama aliyepanda kutoka bondeni mwa Ruvuma hadi Newala bila karatasi hiyo huambiwa arudi, na safari ni ileile.